Kozi ya Kiingereza ya jioni hapa Mjini: maalim anastahiki ada yote, mtandao wao hata wa bure sitaki

Kwa mwenye haraka nianze na hukumu kabisa. Maalim nyota tano, darasa lenyewe nyota tatu, ule mtandao wao wa mazoezi nyota moja na hiyo moja nimeitoa sadaka. Jina la kituo silitaji kwa sababu humu ndani mna malalamiko na sipendi kumchafulia mtu riziki yake hadharani, ila ni katika hizi kozi za huku Mji Mkongwe zinazoanza baada ya magharibi, za watu wa mahoteli na utalii, 60,000 kwa mwezi na 10,000 ya karatasi unatoa mara moja siku ya kujiandikisha. Bei si ndogo lakini kwa Mjini ndio bei.

Darasani utawakuta wale wale. Wa risepsheni, wa jikoni anaetaka kutoka jikoni, vijana wa boti za Kizimkazi wanaopeleka wageni kuangalia pomboo, mapapasi waliochoka kuitwa mapapasi na sasa wanataka leseni ya kutembeza watalii kihalali, na wasichana waliomaliza form six wanangojea majibu wamechoka kukaa nyumbani. Kiingereza cha skuli karibu wote wanacho, kuombea maji hakiwashindi. Kinachowashinda ni hizi frezo vebu, yaani vitenzi vya Kiingereza vyenye kijineno nyuma. Look unaijua tangu darasa la tatu, ni kutazama, sasa mwenyewe Mzungu akitia after imekuwa kulea, akitia up imekuwa kutafuta neno kwenye kamusi, akitia down on imekuwa kudharau mtu, na wewe umesimama na trei mkononi unatabasamu tu hujui umetukanwa au umeagizwa chai. Sisi tukitaka kubadilisha maana tunashughulika na neno lenyewe, funga, fungua, fungia, fungisha, kila kitu kimo ndani ya neno moja unakisikia. Wao wanaacha neno kama lilivyo wanaliwekea kijineno pembeni halafu wanakutazama. Na si kwamba hawajui kama ni mateso, Samuel Johnson yule aliyetunga kamusi ya Kiingereza ya 1755 aliandika kwenye dibaji yake kuwa hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kabisa. Karibu miaka 300 imepita na watu wa Unguja bado tunalipa ada kwa tatizo hilo hilo.

Sasa kozi nyingi hapa Mjini zinafundisha kitu hichi kwa fotokopi. Unapewa karatasi, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, mia na zaidi, nenda nyumbani kahifadhi kama juzuu amma. Tofauti ni kuwa juzuu amma ikikaa imekaa, hizi ukilala ukiamka hamna kitu. Kituo hichi nacho kina mwalimu wa namna hiyo, wa kundi la asubuhi, nilikaa kwake kabla sijahamia jioni, mtu mzuri mcheshi lakini ana ugonjwa wa kutunga. Tulipofika kwenye log in, hii ya kuingia kwenye akaunti kwenye simu na kompyuta, aliulizwa asili yake nini akajibu bila kufikiri kuwa zamani Ulaya watu wakiingia ndani usiku wanatia gogo nyuma ya mlango liwe komeo, basi log gogo, in ndani, ndio "gogo ndani". Darasa zima likaandika kwenye madaftari. Hadithi tamu, na ukweli haumo hata chembe.

Kundi la jioni ni khabari nyengine. Maalim wa jioni (mtu wa makamo, kanzu na kofia, sauti ya chini mpaka feni ikilia humsikii) somo lile lile la log in alilianza kwa swali ambalo kwanza hatukulielewa linahusu nini: boti ya kwenda Dar spidi yake ngapi? Watu wakaanza kutaja saa na dakika, maalim akasema hapana, spidi. Kijana mmoja wa boti akasema noti ishirini na kitu. Haya, noti ni nini? Kimya. Tunakaa kisiwani, boti tunapanda mpaka za harusi na misiba, na darasa zima hakuna anaejua noti ni kitu gani zaidi ya kuwa ni spidi ya baharini.

Akageuka ubaoni akaanza kuchora meli ya matanga. Mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 16 hawakuwa na mashine ya kuwaonyesha spidi, walichokuwa nacho ni kipande cha mti, gogo, kwa lugha yao log. Gogo linafungwa kamba linatupwa upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, lenyewe linabaki pale pale majini, meli inakwenda zake na kamba inajikunjua. Kamba ikikunjuka sana kwa muda mfupi ujue meli inakimbia. Kitu hichi kimeelezwa kwenye kitabu cha ubaharia cha William Bourne cha 1574, kwa hiyo si maneno ya barazani. Baadae wakakiboresha, gogo likawa kibao chembamba cha robo duara, wakakitia madini ya risasi kwenye ule upande wa mviringo ili kisimame wima ndani ya maji kisikokotwe na meli, na ile kamba ikatiwa mafundo kwa kipimo. Mmoja anashika kigurudumu cha kamba, mwengine anashika chupa ya mchanga ya kupimia muda, mchanga wake unamalizika kwa sekunde 28, ukimalizika tu anapiga kelele, kamba inazuiliwa, wanahesabu mafundo mangapi yamepita. Sita yamepita? Spidi noti sita. Noti, yaani knot ya Kiingereza, ni fundo tu, basi, hakuna jengine.

Hapo ndipo mzee wetu alipoingilia. Tuna mzee mmoja wa Nungwi darasani, fundi wa majahazi maisha yake yote, sasa hivi wageni wanakwenda kutazama majahazi yanavyoundwa na yeye anataka awaeleze mwenyewe kwa mdomo wake bila kumtegemea mjukuu. Akasema, "Maalim, mbona unatuzungusha, si batli hiyo? Wazee wakisema kutia batli. Na hiyo chupa yako ya mchanga ndiyo shisha, si hii ya moshi wanayovuta watoto wa siku hizi." Darasa likacheka, maalim hakuona haya, akasema ahsante mzee wangu, akamwachia chaki aandike mwenyewe, BATLI kwa herufi kubwa na SHISHA chini yake, na toka siku ile hakuna aliyesahau log ni nini kwa sababu tulikuwa nalo neno lake siku zote. Khasa ndicho nnachokilipia mie. Mwalimu mwengine angemwambia mzee ngoja nimalize.

Halafu akatupigisha hesabu, na mie hesabu hazinipendi lakini hii niliifurahia. Fundo mpaka fundo ni futi 47 na inchi 3, hiyo ni kama mita 14.4. Gawa kwa sekunde 28. Upande wa pili, noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1,852, gawa kwa sekunde 3,600 za saa moja. Majibu yote mawili yanatoka mita 0.514 kwa sekunde. Watu wa enzi zile kwa kamba na mchanga walipata kipimo ambacho mpaka leo nahodha wa boti ya vioo na viyoyozi anakitumia. Kisha akasema kutoka hapa mpaka Dar ni kama maili 40 za baharini, boti ikienda noti 20 ni saa ngapi, na kijana wa boti akajibu mbili kabla ya wote, akafurahi kama kapewa zawadi.

Utauliza haya yanahusiana nini na paswedi ya simu yako. Ndio, na sisi tuliuliza. Ni kwamba spidi ikishapimwa lazima iandikwe, kwanza kwa chaki kwenye ubao, kisha inahamishiwa kwenye kitabu, pamoja na upepo unatoka wapi, chombo kinaelekea wapi na lipi limetokea njiani. Kile kitabu kikaitwa kitabu cha gogo. Miaka ikaenda, gogo lenyewe likaachwa, mashine zikaja, lakini jina likang'ang'ania kwenye kitabu, ikawa log ni kumbukumbu yoyote ya maandishi inayofuata saa, na ikazaa kitenzi, to log, kuandika jambo kwenye kumbukumbu hiyo. Rubani anayo log yake, chumba cha mitambo kinayo, na ukitaka kuiona hapa hapa nenda geti la hoteli yoyote kubwa, mlinzi atakupa daftari uandike jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, tia sahihi.

Kompyuta ikaikuta hali hiyo. Mashine za mwanzo anatumia mtu mmoja kwa wakati mmoja na wengine wanasubiri foleni, mpaka chuo cha MIT huko Marekani, kwenye timu ya Fernando Corbató, wakatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, wakauonyesha mara ya kwanza Novemba 1961, unaoweza kuhudumia watu kadhaa kwa pamoja kila mmoja na taipureta yake. Sasa mashine ni ya ghali, muda unagaiwa kwa kipimo, lazima ijulikane nani kaingia, lini, katumia muda gani, katoka saa ngapi. Kwa hiyo amri ya mwanzo unayoipa mashine ikawa login na ya mwisho logout. Log ni kuandikwa, in ni kuingia. Yule mwalimu wa asubuhi na gogo lake la mlangoni aliikosa shabaha hapa, maana neno hili halina mlango wala kufuli ndani yake, ni daftari la getini. Ukibonyeza log in unachoomba ni uandikwe kuwa umeingia, paswedi ni ya mlinzi kukuhakikisha kama jina uliloliandika ni lako kweli.

Na paswedi zenyewe hata hazijapata kutulia zikaibiwa. CTSS inatajwa kuwa katika mifumo ya mwanzo kabisa ya kompyuta kutumia paswedi, na mwaka 1962 mtafiti wa pale pale, Allan Scherr, muda wake aliogaiwa ulikuwa saa nne kwa wiki na hazimtoshi, akaiagiza mashine imchapishie faili lenye paswedi za wote, basi akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Msichana mmoja wa risepsheni akasema kumbe haya mambo ya kutumia paswedi ya mwenzio akiwa likizo yana wenyewe. Sote tulijua anamsema nani.

Ila kilichowamaliza watu ni ile ya 1969. Tarehe 29 Oktoba, saa nne na nusu usiku kwa huko kwao, mwanafunzi Charley Kline yuko Los Angeles kwenye chuo cha UCLA, kwenye maabara ya Leonard Kleinrock, anajaribu kuingia kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute iliyoko zaidi ya kilomita 500 kutoka pale, kupitia ARPANET, mtandao ambao ndio baadae ulizaa intaneti. Anaandika login. L ikafika. O ikafika. Kwenye G mashine ya upande wa pili ikaanguka. Ilikubali kama saa moja baadae, lakini ujumbe wa mwanzo kabisa kupita kwenye mtandao ule ukawa LO peke yake. Wamarekani wanalo lo lao la kizamani la kushangaa na wanalipenda sana kulieleza kwenye hadithi hii, sisi hatukuhitaji maelezo yoyote, bi mmoja wa nyuma alisema "Lo! Salaale!" na somo likasimama dakika nzima kwa kicheko.

Mzaha wa kuloga nao ulikuwepo, ungekosaje. Kwa Kiswahili chetu ukisema "nimelogi" umekaa pabaya, herufi moja tu ikiteleza umelogwa. Kuna aliyesimulia kuwa alimwambia bosi wake kompyuta ya risepsheni inajilogi yenyewe na kujitoa, bosi akamwambia basi isomewe.

Msidhani maalim ni hadithi tu, hapana, nusu ya pili ya somo ni matumizi na hapo anakuwa mkali. Kitenzi kinaandikwa maneno mawili, log in, na nomino inaandikwa neno moja, login, hiyo ni ile taarifa yako ya kuingilia au ule ukurasa wa kuingilia. Yaliyopita ni logged in, yaani mkia wa wakati unakwenda kwenye log, haugusi ile in, na wengi wetu tulikuwa tunasema I have login kwa raha zetu na wageni wanatuelewa kwa huruma. Unaingia kwenye akaunti kwa log in to, unatoka kwa log out of. Mtu unamtia katikati, log me out, ukisema log out me imeharibika. Log on na log in kwa matumizi ya kawaida ni ndugu, hakupoteza muda hapo na sawa tu.

Aliposimama sana ni kwenye sign up na sign in, na mie naona hichi ndicho kilichosaidia watu wengi kuliko vyote. Sign up ni kujiandikisha mara ya kwanza, huna akaunti unataka. Sign in ni sawa na log in, akaunti unayo unaingia. Watu kila wakisahau paswedi wanabonyeza sign up kwa sababu ndio kitufe kikubwa chenye rangi, mwisho mtu mmoja ana akaunti tano na zote hazijui. Na usimwambie mgeni mwenye begi mkononi please log in at reception, kuna kijana alisema hivyo kweli, mgeni kafika risepsheni anaomba paswedi. Kwa hoteli ni check in. Mgeni aki-log in ni kwenye Wi-Fi, na hapo jiandae maana ndio malalamiko namba moja ya wageni wa Zanzibar, baada ya umeme.

Baada ya somo lile maalim alipita kwenye frezo vebu nyengine za baharini kwa haraka. Sound out, kumpima mtu mawazo yake kabla hujamwambia unachotaka, ile sound haina uhusiano na sauti kabisa, imetoka kwenye Kifaransa, sonder, kupima kina cha maji kwa kamba yenye risasi. Mzee wa Nungwi akasema "bildi", ndilo jina letu la kamba hiyo, bila hata kuinua kichwa. Pipe down, nyamaza, imetoka kwenye filimbi inayopigwa melini usiku kuwaambia mabaharia kazi imekwisha washuke chini wakalale, na maalim alitukataza kabisa kuitumia kwa mgeni, ni ukali. Kisicho na historia ya kueleweka hakitungii historia, anakupa mifano ya matumizi anakwenda mbele. Give up tuliipita kwa mifano tu, hakuna aliyelalamika.

Haya sasa upande mwengine wa shilingi 60,000.

Kwenye tangazo lao wameandika ada ni pamoja na mazoezi mtandaoni. Uzuri uliopo ni kwamba kwa mtandao ule utajifunza log in kwa vitendo mpaka uchoke. Paswedi inakuja kwa meseji, unaiandika, inakataa. Unabonyeza umesahau paswedi, inakwambia imekutumia barua pepe, barua pepe haiji leo wala mwezi ujao. Unapeleka ujumbe kwa ile namba yao ya msaada ya WhatsApp, tiki mbili za buluu, kimya. Unakwenda ofisini, dada wa ofisini mpole sana anakwambia jaribu tena kesho, na kesho akikuona anakukumbuka mpaka jina. Ukibahatika kuingia, katikati ya zoezi inakutoa yenyewe na majibu yote yamepotea, na zile sauti za kusikiliza zinakula bando kwa namna ambayo ungenunua samaki ukala ukashiba. Na kitufe chao cha kuingilia, kwenye mtandao wa kufundisha Kiingereza, kimeandikwa "Please Login Here", neno moja, kitenzi. Mwanafunzi mmoja alimwonyesha maalim, maalim akasoma, akavua miwani, akasema tuendelee na somo.

Matokeo yake maalim kafungua kundi la WhatsApp kwa mfuko wake, anatuma sauti fupi fupi na mazoezi mawili matatu kila baada ya somo, na ukimjibu vibaya anakurekebisha faragha bila kukuaibisha mbele ya kundi. Kwa maoni yangu pesa za ule mtandao wampe yeye.

Darasa lenyewe ni ghorofani, ngazi zile za nyumba za kizamani za Mji Mkongwe zilizosimama wima, wazee wanapata tabu na hakuna pa kushikia. Viti vya plastiki. Feni mbili, moja inafanya kazi. Umeme ukikatika wanawasha taa za chaji na somo linaendelea, hilo nawapa. Katikati kuna mapumziko ya sala ya isha, msikiti uko karibu, na maalim anarudi kwa wakati, wanafunzi ndio hawarudi, wanaishia kwenye kahawa. Ramadhani ratiba inahama inakuwa baada ya taraweh, usingizi mtupu, mie nisingelipa mwezi ule.

Idadi ya watu inategemea msimu na hili ulijue kabla hujatoa pesa yako. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinapunguza watu, wafanyakazi wote wanakumbuka kusoma, darasa linajaa mpaka watu wanakaa dirishani na kumuuliza maalim swali ni kwa bahati. Kusi likishika na wageni wakirudi wanapungua tena, mnabaki wachache, hapo ndio raha. Ila kama kazi yako ni ya shifti utakosa masomo na kituo hakirejeshi pesa wala hakifidii, wameandika kwenye fomu kwa herufi ndogo na wanaisimamia kwa nguvu zote. Mwenzetu wa hoteli ya Paje alipangiwa usiku wiki mbili mfululizo, akaomba ahamishiwe mwezi wa mbele, akajibiwa asome fomu. Nimeona si uungwana, mtu kalipa.

Kuna watu wanasema kwa nini ulipe, kuna programu za simu za bure. Ninazo mbili kwenye simu yangu na sizisemi vibaya, kwa matamshi na kwa mazoezi ya kila siku zinafaa, na mtu wa shifti pengine ndio zake. Lakini programu ikifika kwenye log in inakuandikia "ingia", inakupigia kengele ya pongezi inapita zake. Kesho ukikutana na "the captain logged the time" utasema nahodha aliingia saa. Mwanafunzi wa maalim yule hababaiki hapo, anajua nahodha aliandika. Kwa anaetembeza wageni ni bora zaidi, kwa sababu ile hadithi ya gogo na kamba unaipeleka moja kwa moja kazini. Kijana wa Kizimkazi anawasimulia wageni wake njiani wakati pomboo hawajatokea, na mzee wetu anawaeleza batli pale pwani Nungwi kwa Kiingereza chake, na wageni wanapiga picha.

Ukitaka kwenda, jiandikishe mwanzo wa mwezi, kundi jipya linaanza wiki ya kwanza. Sema mapema unataka jioni, usikubali kupelekwa asubuhi kwa sababu eti ndio kuna nafasi, bora usubiri mwezi. Ile 10,000 ya karatasi wakubalie kama wanakupa karatasi siku hiyo hiyo mkononi, wengine walizipata mwezi umekatika. Dai risiti. Kaa mbele kwa ajili ya sauti ya maalim na feni nzima iko mbele vile vile, na namba yako ya WhatsApp mpe yeye mwenyewe, usimwachie dada wa ofisini.